Suji na Mwisho wa Dola ya Wajerumani

Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza Upareni mwaka 1903, huko Giti, kisha wakapanda hadi Suji. Wakati huo bendera ya Kaisari ilionekana haitashushwa kamwe. Ilishushwa upesi. Mei 1916 majeshi ya Uingereza yaliteremka bondeni kando ya reli ya Tanga–Moshi na kuitwaa Same. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa, na ibada na masomo vikabaki kwa walimu Wapare, ambao historia imewasahau mno.

Dola yenyewe ilianguka Novemba 1918. Koloni lake la Afrika Mashariki likagawanywa: Uingereza ikachukua sehemu iliyoitwa Tanganyika, Ubelgiji Ruanda-Urundi, na Ureno kipande cha Kionga, kusini mwa Ruvuma. Wapare hawakuulizwa.

Walijibu baadaye. Kati ya 1944 na 1947 maelfu waliigomea kodi ya mbiru, iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, wakateremka milimani kuandamana hadi Same. Kodi hiyo ikafutwa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Rwanda na Burundi zikafuata tarehe 1 Julai 1962.