Waroma: Muziki washangiliwa jukwaani, wenyewe wazomewa

USIKU wa Agosti 26, 2009 jijini Bucharest, Romania, mwanamuziki wa Marekani, Madonna, alipanda jukwaani akiwa na wapigaji wa jamii ya Waroma kutoka Urusi, Kolpakov Trio. Umati wa watu wapatao 60,000 uliwashangilia wapigaji hao. Baadaye kidogo Madonna alisimamisha onyesho na kusema kuwa amesikitishwa na habari za ubaguzi dhidi ya Waroma katika nchi za Ulaya Mashariki. Maelfu ya watu wale wale waliokuwa wakipiga makofi wakaanza kumzomea.

Tukio hilo lilizungumzwa sana magazetini, lakini kwa anayefuatilia maonyesho ya muziki wa Waroma halikuwa jambo geni. Kwa karne kadhaa watu wa Ulaya wamemwita Mroma aje kupiga fidla harusini, kisha asubuhi wakamtaka aondoke.

Ni vyema msomaji asichanganye majina. Waroma si wakazi wa mji wa Roma wala si Waromania, ingawa wengi wao wanaishi Romania. Ni watu ambao asili yao ni kaskazini mwa India, waliosafiri kuelekea magharibi kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, na lugha yao hadi leo ina undugu na Kihindi na Kipunjabi. Jina la 'Gypsy' walilobandikwa lilitokana na dhana potofu kuwa walitoka Misri, na wengi wao hulichukulia kuwa tusi. Tume ya Ulaya inakadiria idadi yao barani humo kuwa kati ya milioni 10 na 12.

Katika Wallachia na Moldavia, tawala zilizokuja kuungana na kuwa Romania, Waroma walikuwa watumwa tangu karne ya 14 hadi mwaka 1855 na 1856. Miongoni mwao walikuwamo watumwa wa muziki, waliomilikiwa na mabwana wenye ardhi na nyumba za watawa ili wapige ala katika karamu. Hao ndio lăutari, jina lililotokana na ala iitwayo lăută, ambayo chimbuko lake la mbali ni neno la Kiarabu al-ud, lile lile lililotupatia sisi udi wa taarab. Utumwa ulipokwisha, kazi ilibaki ile ile ila sasa kwa malipo, na baba aliendelea kumrithisha mwanawe bila karatasi ya noti.

Harusi ndiyo iliyokuwa shule na soko lao. Kundi la lăutari huitwa taraf, neno lisilo na uhusiano na taarab ingawa sikio la Mswahili laweza kudanganyika. Huwa na fidla moja au zaidi zinazoongoza, kodiani, besi na simbalomu, ambayo ni ala ya nyuzi nyingi itakayomkumbusha mkazi wa Unguja ganuni, isipokuwa hii hupigwa kwa vijiti viwili. Wapigaji humfuata mgeni hadi mezani pake, humwuliza wimbo anaoutaka, naye huwatunza kwa noti, pengine kwa kuibandika kwenye paji la uso wa mpiga fidla. Anayejua kutunza katika taarab hatahitaji maelezo zaidi.

Muziki huo ulivukaje kutoka ua la harusi hadi kumbi za London na New York? Jibu linaanzia katika mambo mawili. Mwezi Juni 1987 wafanyabiashara wa santuri walikutana katika baa moja jijini London kutafuta jina la kuuzia muziki ambao maduka hayakujua yauweke rafu gani. Walikubaliana juu ya jina la 'muziki wa dunia'. Ni jina la kibiashara zaidi kuliko la kisanaa, lakini ndilo lililofungua milango ya matamasha. Jambo la pili ni kuanguka kwa Nicolae Ceaușescu Desemba 1989. Chini ya utawala wake Waroma walipiga katika vikundi vya dola, lakini muziki wao ulitangazwa kuwa wa Kiromania, na Uroma wao haukutajwa.

Mara baada ya mapinduzi hayo, Wabelgiji Stéphane Karo na Michel Winter waliwachukua wanamuziki wa kijiji cha Clejani, kusini mwa Bucharest, wakawaunda kuwa Taraf de Haïdouks, yaani kundi la maharamia wa msituni. Albamu yao ya kwanza ilitolewa Brussels mwaka 1991. Aliyevuta macho ya wengi alikuwa mzee Nicolae Neacșu, aliyezaliwa mwaka 1924. Alifunga unywele wa mkia wa farasi kwenye uzi wa fidla yake, akauvuta kwa vidole badala ya kutumia upinde, ala ikatoa sauti ya kukwaruza kama mtu anayenong'ona kwa koo kavu. Kwa mtindo huo aliimba kisa cha kuanguka kwa Ceaușescu. Onyesho hilo limo katika filamu ya Latcho Drom ya Tony Gatlif ya mwaka 1993, na mwandishi wa makala haya hajui dakika chache za filamu zinazoeleza mapinduzi yale vizuri zaidi.

Mwaka 2000 kundi hilo lilionekana katika filamu ya The Man Who Cried pamoja na Johnny Depp, na mwaka 2002 lilipata tuzo ya muziki wa dunia ya BBC Radio 3. Kati ya hapo, mwaka 2001, lilishiriki ziara ya wiki sita Marekani Kaskazini iliyowakutanisha Waroma wa Romania, mwimbaji Esma Redžepova wa Makedonia, wacheza flamenko wa Hispania na kundi la Maharaja kutoka Rajasthan, India. Nyuma ya pazia watu hao hawakuwa na lugha moja wanayoielewa wote, lakini walishika miondoko ya wenzao bila mkalimani. Jasmine Dellal alirekodi ziara hiyo katika filamu iliyotoka mwaka 2006. Ndani yake mna pia mazishi ya mzee Neacșu, aliyefariki mwaka 2002.

Kundi jingine katika ziara hiyo lilikuwa Fanfare Ciocărlia la kijiji cha Zece Prăjini, kaskazini mashariki mwa Romania. Hawa hawapigi fidla bali tarumbeta, tuba, saksafoni na klarineti, urithi wa bendi za kijeshi za Waturuki na Waaustria. Mjerumani Henry Ernst alifika kijijini hapo mwaka 1996, akawapeleka Ujerumani, na wakasifika kwa kasi yao ya kutisha. Kasi hiyo ndiyo sifa yao na, kwa maoni yangu, ndiyo hasara pia. Watazamaji wasioelewa Kiromania huja kucheza. Basi nyimbo za taratibu, zile za huzuni na za masimulizi marefu ambazo wazee wa harusini huziomba usiku wa manane, hupunguzwa. Harusi hudumu hadi alfajiri, onyesho la jukwaani hudumu dakika 90.

Kuna suala la nani anafaidika. Goran Bregović, mzaliwa wa Sarajevo ambaye si Mroma, alipata umaarufu mkubwa kwa muziki wa filamu za Emir Kusturica uliojengwa juu ya nyimbo za Waroma na bendi za tarumbeta. Šaban Bajramović, Mroma wa Niš, Serbia, aliyekuwa miongoni mwa waimbaji waliosikilizwa zaidi katika eneo hilo, alifariki Juni 2008 akiwa maskini.

Wala sifa za jukwaani hazikuwalinda Waroma wengine barabarani. Katika majira ya joto ya mwaka 2010, msimu ambao matamasha ya Ufaransa hualika bendi za aina hii, serikali ya Rais Nicolas Sarkozy ilibomoa kambi za Waroma na kuwarejesha watu zaidi ya 1,000 Romania na Bulgaria. Nchi hizo mbili zilikuwa tayari wanachama wa Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007.

Huko nyumbani nako soko limebadilika. Harusi nyingi za Romania sasa hukodi kinanda cha umeme na waimbaji wa manele, muziki wa vijana wenye vionjo vya Kituruki. Taraf ya fidla na simbalomu imegeuka kitu cha kuonyeshwa ughaibuni, kwa wageni wanaolipa kiingilio. Wapenzi wa taarab asilia wameona jambo la aina hiyo. Bi Kidude alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005 nchini Uingereza, wakati mitaani Dar es Salaam iliyokuwa ikivuma ni taarab ya kisasa.

Kwa anayetaka kuwasikia ana kwa ana, Guča nchini Serbia huandaa mashindano ya tarumbeta mwezi Agosti, yaliyoanza mwaka 1961, na Waroma kama Boban Marković wameyashinda mara kadhaa. Ni tamasha la fujo na nyama choma, na lala salama haipo. Penye utulivu zaidi ni Prague, ambako tamasha la Khamoro, lililoanza mwaka 1999, hufanyika mwishoni mwa Mei. Mbali na maonyesho ya ukumbini, wanamuziki huandamana kwa miguu katikati ya mji wa kale, wakipiga, na anayetaka kuwasikiliza hapo halipi chochote.