Bwana Kheri na Muini Amani: Watu wa Pwani Katika Historia ya Kilimanjaro

Katika kuzijua nchi jirani, leo tunavuka mpaka wa Taveta na kuingia Tanzania, kwenye Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895. Watalii hutoka kila pembe ya dunia kuja kuupanda. Lakini tukiwauliza watoto wetu habari zake, watatutajia majina mawili: Rebmann aliuona, Hans Meyer akaupanda. Je, wageni hao walifikaje?

Mwaka 1848 mmishionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda Uchaga. Aliyeongoza safari ni Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua vyema njia za misafara. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima. Alipouliza ni nini, mmoja wa waliomwongoza alimjibu: baridi. Huko London, mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha kwa miaka mingi kwamba hakuna theluji. Aliyesema "baridi" ndiye aliyekuwa na habari za kweli.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Kwa zaidi ya wiki mbili, Muini Amani wa Pangani alikaa nao kambini, juu ya mita 4,000, akipika na kutunza moto. Bila chakula na moto, nani angepanda? Kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani, na baadaye kikaitwa Uhuru.

Tusisahau pia kwamba kwa Wachaga mlima huo ni nyumbani. Walichimba mifereji inayoteremsha maji hadi mashambani mwao, kwenye migomba na kahawa. Huo nao ni urithi unaostahili kutazamwa.

Basi wazazi, mkijaaliwa kuwapeleka watoto Moshi au Marangu, msiishie kupiga picha ya theluji. Waonyesheni mifereji. Wasimulieni habari za Bwana Kheri na Muini Amani. Na mkikutana na wapagazi, ambao hadi leo wanabeba mizigo ya watalii, wasalimieni na muwaulize majina yao. Tusipoyahifadhi sisi, vitabu vitaendelea kuandika "na wapagazi wao" tu.