Jiko la Kale na Gesi Mpya

Jiko la gesi la zamani, kama lilivyo jahazi, huishi miaka mingi mikononi mwa fundi aijuaye tabia yake. James Sharp wa Northampton, Uingereza, alipata hataza ya jiko la namna hiyo mwaka 1826, na katika miaka ya 1830 akaanza kuyatengeneza kwa biashara. Mwaka 1923 yakatoka majiko ya New World yenye Regulo, kidhibiti cha joto la tanuri, na mpishi akapumzika na ada ya kutia mkono ndani ili kubahatisha. Yalikuwa ya chuma kizito, na mengi yaliwazidi umri wanunuzi wake.

Lakini yote yaliundwa kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe. Karibu nusu yake ilikuwa haidrojeni, na ndani yake mlikuwamo kaboni monoksaidi, sumu isiyo rangi wala harufu. Mwaka 1965 Waingereza walivumbua gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini, na mwaka 1967 ikafika pwani ya Easington. Gesi hiyo haina sumu ile, na kwa ujazo ule ule hutoa joto takriban maradufu. Hata hivyo, huhitaji hewa nyingi zaidi, na mwali wake hukimbia polepole. Ikitiwa katika jiko la kale bila ya matengenezo, ama moto huwa wa manjano wenye masizi, ama huruka juu ya kichomeo ukazimika.

Kwa hiyo tangu 1967 hata 1977 mafundi walipita nyumba kwa nyumba, kwa wateja yapata milioni 13. Walitia vijitundu vyembamba zaidi vya kupitishia gesi na vichomeo vipya. Majiko yaliyokosa vipuri yaliishia jalalani, ingawa chuma chake kilikuwa kizima. Wanahistoria husifu minara ya baharini. Mimi naona kwamba kazi kubwa ilitendeka jikoni, mtu akiwa amepiga magoti.

Nilipokuwa mwanafunzi huko nilipanga katika nyumba yenye jiko mojawapo lililosalimika. Moto ulikuwa wa manjano, sufuria zikageuka nyeusi, nasi wapangaji tuliumwa na vichwa tukailaumu baridi. Akaitwa fundi mzee. Alifungua madirisha kwanza, kisha akafunga gesi. Alivua vichomeo akavichemsha katika maji ya magadi, akavisugua kwa brashi na kuvikausha. Kijitundu cha shaba alikizibua kwa kijiti laini, maana sindano ya chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka gesi huishinda hewa. Koki alizifuta grisi kavu akapaka mpya. Viungo alivipima kwa povu la sabuni, wala hakuthubutu kuwasha kiberiti. Hatimaye alisogeza kilango cha hewa hata mwali ukawa wa samawati, umetulia.

Nilidhani amekwisha. Akaniambia kwamba hata gesi isiyo na sumu huzaa sumu ile ile ikiungua kwa hewa haba, kisha akanyosha kidole ukutani, kwenye tundu la hewa lililojazwa magazeti.

“Kijana, nani aliyeziba hapa?”

Nilikuwa mimi, usiku wa kwanza wa theluji.