Kusafisha si Kusuuza

Kwa wapiga picha wa Tanzania, kutoa picha kwenye filamu au bamba la kioo ni kusafisha. Neno hilo limebeba kazi tatu. Kwanza dawa huiibua taswira: chumvi ya fedha iliyoguswa na mwanga hugeuka fedha nyeusi. Kisha thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo John Herschel aliichunguza mwaka 1819, huyeyusha chumvi ambayo mwanga haukuigusa. Mwisho ni maji. Kuibua, kutuliza, kusuuza: natamani mafundi wazitenganishe hivyo, maana picha nyingi za kioo huponzwa na hiyo ya tatu.

Dawa ya kutuliza ikisalia ndani ya utando wa jelatini, salfa yake huikamata fedha polepole, weusi ukawa kahawia, halafu njano. Watu husema picha imechujuka. Sikubali. Khanga ndiyo inayochujuka, rangi ikaenda na maji. Hapa fedha haijaenda popote, imegeuka kitu kingine. Picha imesawijika, neno tunalolisema kwa uso uliobadilishwa na maradhi.

Kwa fundi wa Buigiri, mashariki ya Dodoma, mvua ni ya Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo kila ndoo ina hesabu yake. Ukavu una faida: ule utando unaometameta kingoni mwa mabamba ya zamani huletwa na unyevu, na pwani ndiko unakostawi. Ila uhaba wa maji humshawishi mtu akatize kusuuza. Asikatize, abadilishe. Kioo hakinywi dawa kama karatasi, utando wa jelatini peke yake ndio unaoinywa. Atie maji kidogo, alitikise bamba, amwage yote, atie mapya, arudie mara kadhaa. Akiliosha kwanza kwa salfaiti ya sodiamu, maji yatatosha zaidi. Na dawa ya kutuliza isiwe iliyochoka, kwani huacha masalia ya fedha ambayo hata pipa zima haliyatoi.

Neno jingine la kutenganishwa ni sandarusi. Mabamba ya kolodioni, yale ambayo Frederick Scott Archer aliyatangaza mwaka 1851, hukingwa kwa vanishi ya sandarusi. Jina ni letu, utomvu si wetu. Wa vanishi hiyo hutoka kwenye mti wa Moroko. Wa msandarusi wa Unguja na Mrima ni mgumu, hauyeyuki vizuri katika spiriti. Anayefuata maelekezo ya zamani aulize kwanza ni sandarusi ipi.