Hasidi Hajawahi Kuvaa Kanga

Shangazi yangu hanunui kanga kwa rangi. Muuza duka akiitandaza doti, wateja wengine hutazama mji na pindo; yeye huinama moja kwa moja penye jina, akalisoma kimya huku midomo ikichezacheza. Siku niliyomsindikiza alirudisha doti nne, mojawapo ikiwa na maua ya zambarau yaliyonivutia sana. Ya tano iliandikwa: Hasidi hana sababu. “Hii nifungie,” akasema, na akalipa bila kuomba kupunguziwa.

Nilijua inakwenda kwa nani. Jirani naye angejua, kesho yake asubuhi, shangazi akipita uani na ndoo yake. Huo ndio ustadi wa kanga: ujumbe umefika na mdomo haujafunguliwa. Akiulizwa, atajibu kuwa hiyo ni nguo tu, kaikuta dukani.

Kanga ile hunijia kila ninaposoma semi za François de La Rochefoucauld. Kabaila huyu wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1613, aliingia katika maasi ya Fronde dhidi ya serikali ya mfalme, na mwaka 1652 akapigwa risasi ya uso, nusura apofuke. Siasa ilipomwangusha akageukia mazungumzo na kalamu. Kitabu chake, Maximes, kilitoka mwaka 1665. Toleo la mwisho la uhai wake, la 1678, lina semi 504, nyingi zikiwa fupi kiasi cha kuenea kwenye kanga.

Usidhani zilitungwa na mtu aliyejifungia peke yake. Zilipikwa barazani kwa Madame de Sablé, jijini Paris, ambako wageni walipelekeana semi, wakazipunguza neno hapa na pale, wakazirudisha. Katika barua moja aliyoambatanisha na semi zake, La Rochefoucauld alimwomba mama huyo supu ya karoti na mchuzi wa kondoo, kama malipo. Barua hiyo naipenda mno. Inanionyesha kwamba hekima ile yenye sifa ya ubaridi ilizaliwa karibu na jiko, katika nyumba ya mwanamke, kama semi zetu za kanga.

Lakini kanga na Maximes hazitazami kitu kimoja, na tofauti hiyo inajitokeza zaidi kwenye husuda kuliko penginepo. Jina la kanga linamtazama hasidi kutoka nje. Anayeivaa ndiye anayeonewa kijicho. Mwenye kosa ni yule wa ng'ambo ya ua. Pita maduka ya kanga ya Mombasa, Unguja au Kariakoo usome majina: utawakuta wanaosengenywa, wanaochimbwa, wanaoambiwa wasisafirie nyota za wenzao. Hasidi mwenyewe humkuti akisema. Na bado, kwa hesabu ya kawaida, wanaohusudiwa hawawezi kuwepo bila wanaohusudu, na wote wananunua katika duka lilelile.

La Rochefoucauld aliingia katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Kwake, husuda ni aibu ambayo mtu hathubutu kuikiri, ingawa maovu mengine, hata makubwa zaidi, watu huyatolea majigambo. Na haandiki “wao”. Mara nyingi anaandika “sisi”. Kwa maoni yake, kujipenda ndiko kunakotuendesha, hata pale tunapojihesabia wema. Mwandishi Madame de Lafayette aliposoma semi hizo kabla hazijachapwa alishtuka, akajiuliza ni moyo ulioharibika kiasi gani uliozitoa. Baadaye akawa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Mimi naona alishtuka kwa sababu alijitambua humo. Jirani wa shangazi anaweza kulaumu kuwa amepigwa kijembe. Anayelengwa na lile “sisi” hana wa kumlaumu.

Kwa hiyo, katika kumjua mtu kwa ndani, nampa ushindi Mfaransa. Katika kumbeba mtu, hata kidogo. Kitabu chake hukitoi zawadi kwa mzazi aliyejifungua jana. Kanga humpokea mtoto, humtunza bibi harusi, humfunika maiti, na majina yake yanajua kubadilika kulingana na shughuli. Sisi sote abiria, dereva ni Mungu: hiyo nayo ina “sisi”, ila ni “sisi” ya watu waliobanana katika basi moja, na anayeisoma msibani hupata pa kuegemea. Katika semi zote 504 sijaona pa kumwegemeza mfiwa. La Rochefoucauld alikuwa daktari wa kupima ugonjwa, hakuwa na dawa ya kuandika.

Shangazi aliivaa kanga ile mpaka jina likafifia. Miaka ikapita, jirani akaugua, na aliyempelekea uji kila asubuhi alikuwa shangazi. Siku moja, akipepeta mchele, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba wakati ule wa ugomvi jirani alikuwa amejenga nyumba ya matofali, na yeye mwenyewe usingizi ulikuwa haumjii.

Ndiyo maana nawaomba watunzi wa majina ya kanga, popote mlipo: tutungieni jina la mtu anayekiri kijicho chake. Maneno manne yanatosha. Doti ya kwanza nitainunua mimi.