Moshi Mweupe wa Hilux

Kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, Toyota iliuza nchini Australia magari 264,170 ya dizeli, aina ya Hilux, Fortuner na Prado, ambayo Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliyaona kuwa na kasoro tangu kiwandani katika mfumo wa chujio la masizi, lile ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu tu, DPF. Hukumu ya Jaji Michael Lee ya Aprili 2022 inamfaa kila anayeshangaa kwa nini gari huingia karakana ya wakala mara tatu au nne, likatoka na karatasi inayosema limepona, kisha taa ileile ikawaka tena kwenye dashibodi. Ni rahisi kumlaumu fundi. Lakini ukiifuata historia ya chombo hiki kwa miaka yake arobaini hivi barabarani, unaona kwamba hutengenezwa ipasavyo pale kiwanda kinapokubali kuwa kasoro ni yake na gharama ni yake. Pasipo na kukubali huko, wakala hubaki na kazi moja: kuzima taa.

Sababu imo katika namna chujio linavyofanya kazi. Moshi hupita kwenye kauri yenye vijitundu vidogo mno, masizi yanakwama humo, na yakijaa lazima yachomwe mlemle ndani. Masizi huungua yenyewe kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na moshi wa dizeli katika mizunguko ya mjini haufiki huko hata kidogo. Kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza mafuta ili kupandisha joto. Dereva akizima injini kabla uchomaji haujaisha, masizi yanabaki, na katika injini nyingi sehemu ya dizeli ile ya ziada huteremka na kuchanganyika na oili. Tena kuna majivu yatokanayo na oili yenyewe, ambayo hayaungui kamwe. Chombo cha namna hii kinategemea nozeli, turbo, sensa za shinikizo, aina ya oili na mwendo wa dereva, vyote kwa pamoja. Kikiziba, mara nyingi kilichoharibika ni kitu kingine, na chujio ndilo linaloonekana.

Wa kwanza kuonja uchungu huu walikuwa wateja wa Mercedes-Benz huko Marekani. Mwaka 1985, ili kutimiza masharti ya hewa ya California, kampuni iliweka chujio la kauri kwenye magari yake ya dizeli yenye turbo. Likawekwa kabla ya turbo, karibu kabisa na injini, ili lipate joto. Wazo lilikuwa zuri, ila kauri ilimeguka, na vipande vyake vikaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Hakuna fundi wa wakala ambaye angeweza kurekebisha mpangilio huo kwa spana. Hatimaye kampuni ilikubali kuvitoa vichujio hivyo bila malipo na kuweka kifaa kingine mahali pake, hata kwa magari yaliyokwisha kuzeeka. Kesi ikafungwa hapo, kwa sababu aliyeuchora mpangilio ndiye aliyeulipia.

Peugeot walipotoa 607 yenye chujio mwaka 2000, walikuwa wamejifunza kitu. Waliongeza kwenye dizeli kiowevu chenye madini ya seri kinachoshusha joto la kuunguza masizi, wakatumia kauri ngumu zaidi, na muhimu kuliko yote, walilitangaza chujio kuwa sehemu ya huduma: kila kilomita 80,000 hivi, mwanzoni, lilitolewa na kusafishwa. Mteja alijua siku na gharama. Sisemi mfumo ule haukuwa na kero zake. Tangi la kiowevu likiisha bili ilimshtua mwenye gari. Ila hapakuwa na kujificha juu ya ukweli kwamba chujio hujaa.

Mambo yaliharibika pale lililokuwa hiari lilipogeuka lazima. Kiwango cha Ulaya cha Euro 5, kilichoanza Septemba 2009 kwa modeli mpya na Januari 2011 kwa magari yote mapya, kilishusha masizi yanayoruhusiwa kutoka miligramu 25 kwa kilomita hadi 5. Dizeli isiyo na chujio ikawa haiuziki. Watu waliokwenda sokoni na shuleni tu waliuziwa magari yaliyohitaji barabara kuu ili yapone, na muuzaji, aliyekuwa na nafasi ya kuuliza mteja anaendesha wapi, hakuwa na faida ya kuuliza. Taa ilipowaka, jibu la karakana lilikuwa tayari kwenye kitabu cha gari: endesha kwa kasi, kwa dakika kumi au ishirini. Chujio lililoziba likahesabiwa kuwa kosa la dereva, nje ya dhamana. Pale dhamana ilipokubaliwa, kazi ya haraka ilikuwa kuunganisha kompyuta, kulazimisha uchomaji, kufuta kumbukumbu ya hitilafu na kurudisha ufunguo. Kutafuta nozeli inayovuja au kibomba cha sensa kilichopasuka huchukua saa nyingi, na saa za kutafuta ndizo ngumu kulipwa na kiwanda.

Atasema mtu: lakini dereva kweli ndiye anayeliziba. Kwa magari mengi ya Ulaya ni kweli, na sitamtetea anayepuuza taa kwa mwezi mzima. Ndiyo maana kesi ya Australia ina uzito. Kasoro iliyothibitishwa mahakamani ilijitokeza kwa wale walioendesha mfululizo kwa kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa, yaani waliofanya hasa kile ambacho vitabu vyote vya magari vinashauri. Hawa ndio waliotoa moshi mweupe mzito wenye harufu mbaya. Kwa miaka kadhaa yalijaribiwa mengi: programu mpya za kompyuta, vipuri vipya, na mwaka 2018 swichi ya kuanzisha uchomaji kwa mkono. Dawa iliyofanya kazi ilipatikana 2020. Watu waliorudi kwa wakala kabla ya hapo walirudi mahali ambapo tiba haikuwapo, hata fundi angekuwa bingwa namna gani. Mahakama iliona kwamba magari hayakuwa na ubora unaokubalika kisheria, na kwamba wanunuzi walipotoshwa. Ilikadiria thamani ya kila gari imepungua kwa asilimia 17.5, mahakama ya rufaa ilishusha hadi 10 mwaka 2023, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Australia ikaagiza fidia ikokotolewe upya. Wanasheria wanabishana juu ya kiasi. Kwamba kasoro ilikuwapo, ubishi huo ulikwisha zamani.

Kuna pingamizi la pili, linalopendwa gereji za mtaani: likate, ulitupe, tatizo liishe. Kwa mfukoni lina mantiki, na kwa injini mara nyingi hakuna madhara ya haraka. Lakini mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na anayeuvuta ni mwenye duka kando ya barabara, wala si aliyekwepa bili. Uingereza iliona vichujio vinatobolewa kwa wingi hata, kuanzia Februari 2014, gari lililoondolewa chujio likawa linafelishwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Kutoboa huko kulikuwa matokeo ya karakana rasmi kushindwa kutoa tiba kwa bei inayovumilika.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Januari 2015 nchi za Jumuiya zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyoyawezesha magari yenye vichujio kuishi huku. Mazda CX-5 za dizeli zikamiminika Kenya kutoka Japani, zikiwa zimetumika, nyingi zikija na masizi na majivu ya miaka kadhaa ndani. Kiwanda hakimtambui mnunuzi wa pili wa bara jingine, wala wakala wa Nairobi hakuliuza gari hilo. Kwa hiyo hakuna wa kumshtaki kama walivyofanya Waaustralia. Anayelitaka gari la namna hiyo na adai fundi asome kiwango cha masizi na shinikizo la chujio kwa kompyuta, aangalie kama oili imepanda kupita alama, na ahakikishe kwamba ndani ya chujio kauri bado ipo, kabla hajalipa shilingi hata moja.