Chuma nacho huchoka

Ndugu msikilizaji, chukua kipande cha waya ukikunje mara moja. Hakikatiki. Kikunje na kukikunjua mara ishirini, kitakukatikia mkononi, na wala hukuongeza nguvu. Mafundi husema chuma kimechoka.

Mimi nilijifunza hayo nikiwa utingo wa lori kati ya Iringa na Mbeya. Springi ilikatika mahali pa tambarare, mzigo ukiwa wa kawaida. Nikasema, "Mzee, mbona hatukugonga kitu?" Dereva akajibu, "Kijana, springi hii haikukatika leo. Leo imemaliza tu." Tulipoifungua, sehemu kubwa ya mkato ilikuwa na kutu ya siku nyingi, ni ukingo mdogo tu uliong'aa.

Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alipima ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860. Alionyesha kwamba uzito ambao chuma hukibeba mara moja bila taabu, ukirudiwa mara nyingi mno, hukivunja.

Barabara yetu hii iliyajua hayo mapema. Novemba 11, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ikabanwa kusini, na malori yakaanza kupita kwetu, mafuta yakienda, shaba ikirudi. Njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope masika, hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976.

Lakini lami nayo huchoka. Tazama mlima Kitonga. Lori lenye shehena hupanda polepole, uzito ukikaa muda mrefu mahali pamoja, na lami iliyopata jua husogea kidogo kidogo. Haipasuki siku hiyo. Huacha mifereji miwili ya matairi, na kila lori huichimba zaidi.

Wamarekani walilijaribu jambo hili huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960, wakiyazungusha malori juu ya barabara za majaribio. Waligundua kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara huongezeka kiasi cha mara 16. Basi ekseli ya tani 12, pale penye ruhusa ya tani 10, huila barabara kiasi cha mara mbili.

Ndiyo maana iko mizani ya Wenda, Makambako na Uyole. Yupo anayenung'unika: "Jana nilizidisha, mbona barabara haikubomoka?" Ni kweli, haikubomoka. Hata springi yetu haikukatika jana yake. Atakayelipa ni mwingine: abiria wa basi litakaloyumba kwenye mifereji ile usiku wa mvua, ambaye hakubeba hata gunia moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau, ndugu zangu, kwamba haba hiyo hiyo hubomoa.